Moto wa Manjano Nyuma ya Frigo

Goma, tarehe 12 Septemba 2021

Papa yangu,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na mama Ernestine, na magoti yake yawe yamepata nafuu. Sisi hapa Ndosho tunaendelea. Mutoto wangu Lucie ameanza darasa la kwanza. Jino la mbele limeng'oka, sasa anacheka akiziba mdomo kwa mkono. Ukuta uliopasuka wakati wa matetemeko ya mwezi wa tano, baba Lucie ameuziba kwa simenti, na hatushtuki tena kila mlango unapogonga.

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe imekuwa kupigiana kelele. Juzi nilikuuliza habari za gazi, ukanijibu kwamba ngazi iko kwa jirani. Zile mashine za baridi zilimaliza masikio yako, Papa, lakini najua kichwa bado kinakumbuka kazi. Shofere wa lori la maharagwe amekubali kutubebea barua.

Habari yenyewe ni hii. Shirika letu la kutibu macho limepewa gari-nyumba, lile ambalo wazungu husafiri nalo na kulala humo humo. Lina vitanda viwili, jiko, frigo inayotumia gazi, na juu ya paa klimatizeri ya kupoza hewa, ambayo inataka jenereta. Jumatatu mpaka Ijumaa tunaliegesha Mugunga, mimi muuguzi na Baharanyi shofere. Dokta anakuja asubuhi na kurudi mjini. Dawa za matone zinakaa ndani ya frigo. Saa sita tunakula, tunafunga kila kitu kwa sababu ya vumbi jeusi la lava, tunawasha klimatizeri, tunapumzika saa moja.

Hakuna aliyetufundisha kuitumia mitambo hii. Chupa ya gazi ni ndefu kuliko kabati lake, basi tumeilaza chini ya kitanda changu. Sakafuni kulikuwa na matundu mawili yanayoingiza vumbi, Baharanyi ameyaziba kwa sponji. Tunafanya vizuri?

Nikiwa kule kichwa kinaniuma karibu kila siku. Nikirudi nyumbani kinapona. Labda ni vumbi.

Binti yako,
Généreuse


Butembo, tarehe 3 Oktoba 2021

Mwanangu Généreuse,

Barua yako imefika ikinuka maharagwe. Mama yako anakusalimu, magoti ni yaleyale. Mvua imeanza na tumepanda viazi. Mwambie Lucie babu yake naye hana meno ya mbele, tutacheka pamoja.

Nimesoma habari ya chupa nikainuka kwenye kiti. Itoe chini ya kitanda chako leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Chupa ya gazi hailazwi hata siku moja. Ikilazwa, gazi inatoka ikiwa maji, na jiko litakurukia usoni. Isimame wima, katika sanduku lililo nje ya chumba, imefungwa kwa mkanda. Gari likitembea, chupa iwe imefungwa koki.

Matundu ya sakafuni si makosa ya mtengenezaji. Gazi ya kupikia ni nzito, ikivuja inashuka na kukaa chini, kama ile mazuku, hewa ya sumu ya volkano, inayokaa kwenye mashimo kule kwenu. Matundu ni mlango wake wa kutokea. Toa sponji. Ukitaka kujua kama mpira unavuja, upake maji ya sabuni na utazame mapovu. Asikuletee mutu kiberiti.

Klimatizeri haileti hewa mpya, elewa hilo. Inachukua ileile mliyokwisha kuipumua, inaipoza, inawarudishia. Dirisha moja libaki wazi upana wa kiganja, hata kama baridi itapotea. Jenereta ikae mbali, moshi wake uelekee upande ambao upepo unakwenda.

Frigo izimeni. Tafuteni sanduku la barafu. Usiniulize sababu.

Baba yako,
Kambale Edmond


Goma, tarehe 7 Novemba 2021

Papa,

Amani kwenu wote. Lucie alikuwa na homa, imepita. Baba Lucie amepata kazi ya kupaka rangi hoteli moja, anarudi na nywele nyeupe kama muzee.

Asante kwa mafundisho. Chupa tumeitengenezea sanduku nje, imesimama. Nilitoa sponji, Baharanyi akairudisha. Nikaitoa tena, akairudisha. Nikamwambia habari ya dirisha, akasema: "Mama Généreuse, mutu hawashi klimatizeri halafu anafungua dirisha. Ni kumwaga mafuta." Na frigo hatukuizima. Nilimwonyesha dokta barua yako, akauliza: "Sababu ni nini?"  Dawa zinataka baridi ya sawasawa, barafu ya Mugunga inayeyuka kabla ya saa nne. Kama una sababu, iandike.

Sasa kuna jambo baya. Kichwa kimezidi. Baharanyi anatapika, miguu inamlegea, na kila mara ni baada ya chakula cha saa sita. Chakula kinaletwa na mama mmoja, Alima, mjane mwenye asili ya Maniema. Anatupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wiki iliyopita Baharanyi alisema mbele ya wagonjwa: "Ule mama anatutilia kitu." Tangu hapo neno linatembea. Watu wanasema karuho, ile sumu ya kutiliwa kwenye chakula. Papa, unajua neno hilo linavyoua hata kabla ya sumu yenyewe. Ijumaa vijana walimpokonya Alima beseni na kulimwaga. Alikusanya samaki kwenye mchanga.

Nilimkumbuka mama Nshobole, jirani yetu wa Keshero. Nilikuwa na miaka kumi na moja kaka Julien alipokufa, lakini naona bado mawe juu ya bati lake. Kila mutu alisema ni sombe yake iliyomuua. Na mimi sasa, aibu hii nakwambia wewe tu, natazama sahani yangu kabla ya kula.

Wewe ndiye uliyeingia kwanza kwa Julien asubuhi ile. Alikuwa na dalili gani? Niambie, nilinganishe. Kama Alima anatutilia sumu nijue. Kama siyo, nijue pia, haraka.

Généreuse


Butembo, tarehe 21 Novemba 2021

Généreuse,

Mambo ya Julien tuliyazika naye. Usimsumbue mama yako na hayo. Huyo Alima asiguswe. Kuleni nje ya gari, fungueni madirisha. Viazi vinaendelea vizuri.

Papa


Butembo, tarehe 22 Novemba 2021

Mwanangu,

Jana nilimpa shofere barua fupi. Asubuhi hii nilikwenda kituoni kumnyang'anya, nikakuta ameondoka. Ikikufika, ichane. Hii nampa mwingine anayekwenda mbio zaidi.

Zimeni frigo. Sababu ni hii.

Mwaka wa 2004 mteja mmoja aliniletea frigo ya gazi kama hiyo yenu, nzee, niitengeneze. Niliibadilishia bomba, nikaiwasha, ikashika. Karakana ilikuwa inavuja mvua, nikaiweka katika chumba cha Julien. Nilimwambia: "Lala nayo, uniangalizie kama inashika baridi mpaka asubuhi." Mvua ilinyesha, akafunga dirisha na kuweka gunia chini ya mlango. Jioni ile alikuwa amekula sombe kwa mama Nshobole, kama siku zote.

Asubuhi nilimkuta amelala kwa ubavu. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mutoto aliyetoka kuoga. Nilimgusa, alikuwa baridi. Nyuma ya frigo moto ulikuwa wa manjano, na ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi. Moto wa gazi ukiwa mzima ni wa buluu. Ukigeuka manjano, gazi haiungui vizuri, inazaa sumu nyingine isiyo na harufu wala rangi. Hiyo siyo mazuku, haikai chini peke yake. Inajaa chumba kizima. Kichwa kinauma, tumbo linageuka, miguu inalegea, mutu anasikia usingizi. Akitoka nje anapata nafuu, ndiyo maana anadhani ni chakula.

Haya yote niliyajua, yalikuwa kazi yangu. Ile siku nilikuwa na haraka ya kupata chumba kikavu, ndiyo yote.

Nilizima moto. Nilivuta frigo mpaka karakana na kuifunika turubai. Halafu ndipo nilipoita watu. Mama yako alipiga kelele akauliza alikula wapi. Mutu mmoja akasema, kwa Nshobole. Mimi nilisimama uani. Mama yako ndiye aliyetupa jiwe la kwanza, mwanangu, na mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Sikumshika. Nshobole aliondoka na watoto wawili na mimba.

Mama yako hajui mpaka leo. Tulipohamia huku nilisema ni kwa sababu ya mashamba.

Tazama nyuma ya frigo. Ukiona masizi, au moto wa manjano, usilale humo hata dakika. Na kama mutu amelala ndani usimwamshe kwa maneno, mburute.

Edmond


Goma, tarehe 5 Desemba 2021

Papa,

Ile ndefu ilifika kwanza. Ile fupi imefika jana, nimeichana kama ulivyotaka.

Nakuandikia yote kwa mpangilio, kwa sababu utayasikia kwa vinywa vya watu.

Jumanne tarehe 30 shofere wa lori alinikuta na wagonjwa foleni nzima. Nikatia barua mfukoni, nikadhani ni viazi tena. Saa sita Baharanyi alikula, akaingia kupumzika, akafunga, akawasha klimatizeri. Mimi nilibaki nje na bibi mmoja aliyehitaji bandeji. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, nikafungua bahasha. Nilifika kwenye mashavu ya Julien. Nikaendelea mpaka kwenye usingizi. Hapo nikainuka.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilivunja kioo cha dirisha dogo kwa jiwe, nikaingiza mkono nikafungua mlango. Baharanyi alikuwa kitandani, mdomo wazi, mashavu mekundu. Nilimwita. Halafu nikakumbuka ulivyoandika, nikamshika makwapani nikamburuta, kichwa chake kikagonga ngazi. Nje alipumua kama mutu anayetoka majini, akatapika, hakuweza kusimama.

Watu walikuja mbio. Hawakuuliza. "Ni ule mama! Ametia karuho mu sombe!" Alima alikuwa bado anaosha sahani zetu pale kando. Walimshika nguo, wakamvuta mpaka kanga ikafunguka. Kijana mmoja alikuwa ameshaokota jiwe la lava. Alima alisema tu, "Nimekula nao. Nimekula mu chungu kile kile." Hakuna aliyesikia.

Nilipanda kwenye ngazi za gari nikapaza sauti: "Nina barua hapa. Kabla ya kutupa, sikieni." Nilisoma, Papa. Nilianza kwenye frigo ya mteja na sikuruka kitu. Nilisoma jina la Julien, jina la Nshobole, jiwe la mama.  Muzee mmoja akauliza, "Huyu Edmond ni nani?" Nikajibu, "Ni baba yangu mzazi."

Halafu nikawaomba wanaume wawili waingie, wazibe pua kwa kitambaa wasikae, watazame tu nyuma ya frigo. Walitoka wakikohoa. "Ukuta ni mweusi kama sufuria," alisema mmoja, "na moto ni wa manjano." Yule kijana alibaki ameshika jiwe kama hajui ni la nani, akalitupa porini. Alima alifunga kanga yake, akachukua beseni, akaondoka bila kutuangalia.

Fundi ametoa kwenye bomba la moshi majivu na kiota cha nyigu. Frigo imekwenda kutupwa. Baharanyi yuko hospitali, anaongea, ila mkono wa kushoto unatetemeka. Siku aliyopata nguvu alimtuma mkewe kwa Alima kuomba msamaha. Alima alisema amesikia. Chakula haleti tena.

Papa, barua ya kwanza uliandika "usiniulize sababu". Kwa maneno hayo mawili mutu amekaribia kufa na mwingine kupigwa mawe. Siwezi bado kuandika ninavyojisikia juu yako. Lakini siri yako iko barabarani, na malori yanakuja Butembo kila siku. Mwambie mama kabla mwingine hajamwambia.

Généreuse


Butembo, tarehe 9 Januari 2022

Mwanangu,

Nimemwambia. Ilikuwa siku ya pili baada ya Noeli, tukimenya viazi. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu sijisikii nikisema, nadhani majirani walisikia pia. Aliendelea kumenya mpaka kikapu kikaisha. Halafu aliniandikia kwenye daftari la duka, ili nisije nikasema sikusikia: "Miaka yote hii uliniacha nikipokea komunyo na dhambi hii." Amekwenda kwa dada yake. Jumapili kanisani ninamwona mgongo tu.

Nataka kuja Goma. Nataka kupiga magoti mbele ya mama Nshobole. Mtafute, tafadhali. Mwambie ninakuja.

Baba yako


Goma, tarehe 20 Februari 2022

Papa,

Lucie ameota jino. Baharanyi amerudi kazini, lakini haendeshi, anaandika majina ya wagonjwa. Gari sasa lina frigo ndogo ya umeme, madirisha mawili hayafungwi tena, na sponji nimeichoma moto mwenyewe.

Nimempata. Niliuliza Keshero, nyumba kwa nyumba, mpaka mwimbaji mmoja wa kanisa akanielekeza. Anakaa Ndosho, Papa, njia tano kutoka kwangu. Anashona sare za shule. Nimepita mbele ya mlango wake miaka sita nikienda kununua mkate.

Alinijua mara moja. "Wewe ni wa Ernestine. Ulikuwa kwenye mlango umemshika mutoto wangu wa mwisho mkono, watu walipokuja." Mimi nilikuwa nimesahau. Nilimpa ile barua yako ndefu asome. Alisoma akiwa amekanyaga mashine bila kushona. Halafu akauliza:

"Alijua siku ile ile?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya mawe?"

"Kabla."

Alikunja barua. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi nilikuwa najiuliza kama kweli majani yangu yalikuwa na kitu. Labda nilichuma mabaya. Labda sikuyachemsha. Tangu Julien sijampikia mutoto wa mutu. Hata wajukuu, wanapikiwa na mama yao."

Nilimwambia unataka kuja kupiga magoti. Alitikisa kichwa. "Asije. Uso wake siutaki, na magoti yake nitayafanyia nini? Aandike. Aandike jina lake lote, tarehe, na sahihi, kwa maandishi ambayo mutu wa serikali anaweza kusoma. Karatasi tatu. Watoto wangu watatu walikua wakiitwa watoto wa mchawi. Kila mmoja awe na yake."

Nilipotoka hakunisindikiza. Lakini hakunifukuza.

Généreuse


Butembo, tarehe 13 Machi 2022

Mwanangu,

Karatasi tatu ziko ndani ya bahasha hii. Nimeziandika kwa mkono, kila moja kuanzia mwanzo, sikutaka fotokopi. Ya nne nimempelekea chifu wa Keshero, na ya tano padri ataisoma hapa Jumapili nikiwa nimesimama. Zote zinasema hivi:

"Mimi, Kambale Edmond, fundi wa mashine za baridi, natamka kwamba mwanangu Paluku Julien aliuawa na sumu ya frigo ya gazi niliyoitengeneza vibaya na kuiweka mwenyewe katika chumba alicholala. Mama Nshobole hana kosa lolote. Chakula chake kilikuwa kizuri. Nilijua hayo asubuhi ile ile, nikanyamaza, akapigwa mawe na kufukuzwa nyumbani kwake. Aliyemwita mchawi alisema uongo, na uongo huo niliulinda mimi."

Nimetia sahihi na tarehe. Mpe mkononi mwake. Akizikataa, ziache mlangoni.

Jana mama yako alikuja nyumbani kuchukua nguo zake nyingine. Alikuta karatasi mezani zikikauka. Alizisoma zote tatu, ingawa ni maneno yaleyale. Aliniomba kalamu. Alipomaliza alikwenda bila kuniaga, kwa hiyo usifikiri tumepatana. Lakini utaona chini ya sahihi yangu, kwenye kila karatasi, maandishi yake:

"Na mimi, Ernestine, nilitupa jiwe la kwanza."